Je, Tutafute Maswali Yanayotushinda?

Kila mwaka, mtihani ukikaribia, vijana wetu wa Nyangwe wenye kusomea mambo ya biashara hutujia na ombi moja. Vijitabu vya maswali ya zamani wamekwisha kuvipitia mara mbili, mara tatu. Majibu wayajua kwa kichwa. Ukitaja namba ya swali, kijana akujibu kabla hujamaliza kulisoma. Sasa waomba maswali mengine, yaliyo magumu kuliko hayo. Wayatoe wapi? Na je, yafaa kuyatafuta, ikiwa mtihani wenyewe haufiki ugumu huo?

Mtu aweza kudhani kwamba jambo hili ni la walimu tu, wala haliwahusu wasomaji wa ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Mzazi aliyeuza gunia la mpunga ili alipe karo, mwalimu anayetunga maswali usiku kwa taa, mwanafunzi mwenye kitabu na jirani yake asiye nacho: wote wamo ndani ya jambo hili, na kila mmoja ana haki yake na wajibu wake. Basi na tulifikiri pamoja.

Wasomaji walio mbali na shule watusamehe tukieleza kidogo. Katika nchi yetu Mtihani wa Serikali ulianzishwa mwaka 1967. Kijana anayemaliza shule ya sekondari hapati diploma asipoushinda, na kiasi cha kushinda ni asilimia 50. Maswali yake mengi ni ya kuchagua: swali moja, majibu kadhaa chini yake, nawe waonyesha lililo la kweli. Wanaosomea biashara na uongozi huulizwa hesabu za vitabu vya biashara, ambazo shuleni huitwa komptabilite, tena hesabu za riba, kodi, sheria na mengineyo. Kijana akishinda, na akitaka kuendelea na masomo hayo huko Kindu, Bukavu, Goma au Lubumbashi, huenda chuo kikampima tena kwa mtihani wa kuingia, maana mara nyingi waombaji ni wengi na viti ni vichache. Hapo mambo hubadilika. Katika Mtihani wa Serikali wote wanaofikia asilimia 50 washinda, hata wakiwa darasa zima. Katika mtihani wa kuingia chuoni, mmoja akipata kiti, mwingine amekikosa. Shikeni tofauti hiyo, kwa maana tutairudia.

Kwanza tuulize: kuna ubaya gani kurudia maswali tuliyokwisha kuyaweza? Mara ya kwanza na ya pili hakuna ubaya wowote. Mkono hujizoeza na hofu hupungua. Lakini mwanafunzi anayerudia swali lile lile mara ya tano hapimi tena akili yake, apima kumbukumbu yake. Apata kumi juu ya kumi, moyo wafurahi, alala usingizi mzuri. Afanana na mfanyabiashara anayepima mzigo kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe ili imridhishe. Mzigo haukuongezeka hata kidogo.

Tutoe mfano. Tangu mwezi wa kwanza wa mwaka 2012 nchi yetu ina kodi iitwayo TVA, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16 juu ya bei. Kijitabu chauliza: bidhaa ina bei ya faranga 100,000 kabla ya kodi, pamoja na TVA mnunuzi atalipa ngapi? Kila mwanafunzi ajibu: 116,000. Vema. Sasa geuza swali. Mnunuzi amelipa faranga 116,000, na TVA imo ndani yake. Kodi ni ngapi? Hapo wengi, hata wale wenye akili, watatafuta asilimia 16 ya 116,000 na kuandika 18,560. Siyo. Kodi ni 16,000, maana ile asilimia 16 ilihesabiwa juu ya bei ya kwanza, siyo juu ya jumla.

Angalieni vizuri: kanuni ni ile ile, tarakimu si kubwa, wala hakuna neno jipya. Ila swali la pili limeonyesha kwamba kijana alijua njia ya kwenda, hakujua njia ya kurudi. Asingaliulizwa, angalidhani aijua njia yote.

Hapa ndipo twaiona faida ya swali gumu. Wengine husema faida yake ni kumzoeza mtoto taabu, kama vile taabu yenyewe ni kitu chema. Hatusemi hivyo. Taabu zimo nyingi Maniema, hakuna haja ya kuziongeza kwa makaratasi. Swali gumu lafaa kwa sababu latuambia kweli juu yetu wenyewe, tena latuambia mapema, nyumbani, ambako kukosea hakuna gharama. Swali rahisi hutusifu. Kumtafuta mwenye kukusifu ni kazi nyepesi. Kumtafuta mwenye kukuambia ulipopungukiwa kwahitaji moyo mwingine. Ndiyo maana twasema kwamba ombi la vijana hawa ni jambo la dhamiri pia: waomba waonyeshwe wasichokijua.

Lakini si kila ugumu ni wa namna hiyo, na hapa yafaa tuwe na macho. Katika nyumba nyingi viko vitabu vya zamani vya hesabu za biashara, vilivyohifadhiwa sandukuni na mjomba au babu. Vitabu hivyo vyafuata mpango wa hesabu uliowekwa mwaka 1976. Nchi yetu iliingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, na baadaye mpango wa hesabu wa umoja huo ukachukua nafasi ya ule wa zamani. Basi kijana aazima kitabu cha mjomba, akutana na namba za akaunti ambazo hazilingani na alizofundishwa, ajikuna kichwa hadi usiku wa manane, kisha asema: “Swali hili ni gumu kweli!” Kumbe si gumu, limezeeka tu. Hata kodi ya TVA hataikuta humo. Taabu aliyoipata haikumwambia lolote juu ya akili yake, ila juu ya umri wa kitabu.

Vivyo hivyo swali lenye tarakimu kumi na mbili mahali ambapo tatu zingetosha. Vivyo hivyo swali lililoandikwa kwa Kifaransa cha kujipinda ili msomaji ateleze. Walimu wengine, twasema kwa heshima, hutunga maswali ya namna hii na kujisifu kwamba darasa zima limeanguka. Mwalimu huyo amepima uchovu wa watoto, wala hakupima akili yao. Tena kila mtu ana ugumu wake: maji ya kifuu bahari ya chungu. Swali linalomshinda mtoto wa darasa la nne ni mchezo kwa mtoto wa darasa la sita, na kumpa wa darasa la nne swali la darasa la sita kabla ya wakati ni kumfundisha kwamba yeye ni mjinga. Somo hilo watoto hulishika upesi kuliko masomo yote.

Kuna hatari nyingine, nayo hujificha ndani ya mwanafunzi mwenyewe. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, alipoandika juu ya bidii ya kujifunza, aliiweka chini ya fadhila ya kiasi, na alieleza sababu mbili. Roho ya mtu yataka kujua, hata kupita mpaka, kwa hiyo yahitaji hatamu. Mwili wake wakimbia kazi ya kujifunza, kwa hiyo wahitaji kusukumwa. Twaona kwamba mambo hayo mawili hukutana katika kijana mmoja na siku moja. Yuko anayesema, “Maswali haya ni rahisi mno kwangu, nipeni magumu,” naye katika hayo rahisi akosea matatu kwa kila kumi kwa sababu ya haraka. Akimbilia magumu ili asione aibu ya kukosea yaliyo mepesi. Kukosea swali gumu hakuaibishi mtu. Huyo tumrudishe nyuma kwa upole. Akiweza tisa katika kumi ya yale ya kawaida, pasipo kubahatisha na pasipo kutazama majibu, ndipo aendelee mbele. Na yuko mwingine, aliye mnyamavu, ambaye angeweza kuendelea tangu zamani lakini aogopa kuona alama zake zikishuka. Huyo asukumwe. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Basi maswali yatoke wapi? Maduka ya vitabu hatuna. Mtandao wa simu huja na kuondoka. Kitabu kikifika kutoka Bukavu, bei yake imekwisha panda njiani. Lakini swali la kweli halihitaji gari. Twawaambia vijana wetu waanze na vijitabu vile vile walivyochoka navyo. Wafunike majibu kwa karatasi, wajibu bila kuchagua. Hapo nusu ya maswali waliyodhani ni mepesi yatabadilika sura. Kisha walichukue jibu na kulifanya kuwa swali, kama tulivyofanya kwa TVA. Kisha waondoe habari moja katika swali na kuuliza kama bado lajibika. Kuna kufikiri kwingi katika kuondoa habari moja.

Halafu waende sokoni. Soko la Nyangwe ni la zamani sana. Livingstone alipofika hapa mwaka 1871 alikuta watu kwa maelfu wakileta samaki, vyungu, mafuta na kuku, na wengi wao walikuwa wanawake, ambao walihesabu na kubadilishana pasipo kalamu wala daftari. Soko hilo ndilo lililomwagiwa damu tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wa wafanyabiashara ya pembe na watumwa walipowapiga risasi akina mama hao, na mamia wakafa, wengine majini Lualaba. Hatutaji hayo ili kuchokoza kidonda. Twataja kwa sababu kijana wa Nyangwe anayetaka kusomea biashara anasoma mahali ambapo watu hodari wa hesabu, waliojua uzito wa kila pembe, walikwisha kuonyesha kwamba uhodari wa hesabu peke yake haumwongozi mtu popote pema. Hakuna mtihani wa kuingia chuoni unaouliza jambo hilo. Na aulizwe nyumbani.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme mama mmoja alinunua gunia moja la mchele Kasongo akaliuza lote kwa kopo hapa Nyangwe. Twapewa habari mbili. Ya kwanza: bei aliyouzia ilizidi bei aliyonunulia kwa sehemu moja ya tano. Ya pili: mwenye baiskeli aliyebeba mzigo na ushuru wa soko vilimgharimu jumla faranga 20,000, wala hakuwa na gharama nyingine. Je, alipata faida?

Wanafunzi wengi hushika kalamu mara moja. Wajumlisha, watoa, wagawanya, na kila mmoja aleta jibu lake. Lakini swali hili halina jibu, na anayejua biashara atasema hivyo pasipo kuandika tarakimu hata moja. Ikiwa gunia lilinunuliwa faranga 100,000, sehemu moja ya tano ni 20,000, nayo yote imekwenda kwa baiskeli na ushuru; mama amefanya kazi bure. Ikiwa ni 150,000, amepata 30,000, na akitoa gharama abaki na 10,000. Ikiwa ni 80,000, amepata 16,000 tu, naye apata hasara ya 4,000. Habari tulizopewa hazitoshi. Kusema “hazitoshi,” na kusema ni habari gani inayokosekana, ndilo jibu lenyewe.

Msidhani kwamba tumelibuni swali la namna hii kwa ajili ya kuwachezea watoto. Huko Marekani uko mtihani wa kuingia katika shule za biashara, ulioanza kutolewa mwaka 1954, ambao siku hizi huitwa GMAT. Ndani yake yamo maswali yasiyoomba hesabu imalizike. Yaomba tu mtu aseme kama habari alizopewa zatosha au hazitoshi. Waliotunga mtihani huo walijua kwamba mwenye duka, au mkuu wa ghala, huharibu mali zaidi kwa kukata shauri na nusu ya habari kuliko kwa kukosea kujumlisha. Akina mama wetu wa sokoni walijua hayo kabla yao. Mulize mmoja kama safari ya Kasongo ina faida, naye kwanza atakuuliza: gunia ni bei gani leo?

Mtihani huo una jambo jingine linalofaa kufikiriwa. Tangu mwaka 1997 hufanywa kwa kompyuta, na mashine hiyo humtazama mtu anavyojibu. Akijibu vizuri, yampa maswali yaliyo magumu zaidi, akikosea, yampunguzia. Basi mtu hodari aweza kutoka chumbani amechoka, akidhani ameanguka, kwa kuwa kila wakati alikuwa akipambana na maswali yaliyo karibu kumshinda. Mitihani yetu ya karatasi haiko hivyo. Hata hivyo kijana anayefanya mazoezi vizuri nyumbani atakutana na hali hiyo hiyo: akipanda, na maswali yapanda pamoja naye, na alama zake juu ya daftari hazipandi. Wazazi wasishtuke. Mtoto aliyekuwa akipata tisa juu ya kumi akaja kupata tano, huenda ndiyo kwanza ameanza kusoma. Ulizeni ni maswali gani, kabla ya kuuliza ni alama ngapi.

Twafika sasa kwenye jambo lililo gumu kuliko TVA. Kijana mmoja amepata maswali mazuri. Labda kaka yake aliye Bukavu amempelekea daftari, labda ameyanakili katika simu siku mtandao ulipokuwa na nguvu. Wenzake watatu darasani wataka kwenda chuo kile kile. Je, awaonyeshe?

Kwa Mtihani wa Serikali jibu ni jepesi. Mwenzako akipata asilimia 60, wewe hupungukiwi hata alama moja; kumnyima ni uchoyo mtupu, na tusiupe jina jingine. Lakini mtihani wa kuingia chuoni? Hapo tusidanganyane. Viti vikibaki vitatu na ninyi mu wanne, swali utakalompa mwenzako laweza kukunyima kiti. Wako wenye kupita hapo haraka wakisema kwamba mwenye kutoa hapungukiwi. Mara nyingine hupungukiwa. Kijana ajua hivyo, na tukimwambia sivyo ataacha kutusikiliza, naye atakuwa na haki.

Basi tupime polepole. Mtu aliyetafuta swali kwa jasho lake hamwibii mwenzake akikaa nalo. Hatuwezi kumwita mwizi. Lakini na ajiulize jasho hilo ni la nani. Karo yake ililipwa kwa mpunga ambao shangazi aliuvuna. Simu ni ya jirani, na umeme wa kuichaji ni wa duka la mtu mwingine. Kanuni anayoitumia kujibu swali alifundishwa siku moja na saa moja pamoja na wale watatu, na mwalimu yule yule, ambaye pengine mshahara wake ulikuwa haujafika. Hakuna mtoto wa Nyangwe anayefika chuoni kwa miguu yake peke yake. Kitu kilichopatikana kwa mikono mingi namna hii, kukiita “changu” ni kusema nusu ya kweli.

Shauri letu ni hili: mpe mwenzako swali, usimpe jibu. Ukimpa swali, umempa kile ulichokipata wewe, yaani njia ya kuona mahali alipopungukiwa. Kazi yabaki kwake. Ukimpa na jibu, umemwondolea kazi, na siku ya mtihani atasimama mikono mitupu akidhani ana kitu. Wako vijana wanaodhani kwamba kutoa majibu ndiyo ukarimu mkubwa zaidi. Sisi twaona ni mdogo zaidi. Akilishindwa kabisa baada ya siku mbili tatu, kaeni pamoja mkalitazame. Huenda naye amekosea kwa namna ambayo wewe hukuiwaza, na kosa lake litakufundisha jambo ambalo daftari la Bukavu halina.

Na kama mwenzako akapata kiti, wewe ukakosa? Yawezekana. Hatuna dawa ya uchungu huo, wala hatumwambii kijana asiusikie. Twamwambia tu kwamba kiti hicho asingalikipata kwa kujua zaidi. Angalikipata kwa mwenzake kujua kidogo. Mwenye kujitayarisha kwa kazi ya kutunza mali ya watu, katika duka, katika ushirika, katika ofisi ya misheni au ya serikali, na apime mwenyewe kama ni vema kuianza kazi hiyo kwa hesabu ya namna hii.

Yako pia maswali yanayouzwa. Miezi ya mtihani ikifika, watu hupita kwa sauti ya chini, au kwa simu, wakisema wanayo maswali yenyewe yatakayoulizwa. Wazazi wengine, kwa kumpenda mtoto, hutoa faranga. Mara nyingi karatasi hizo ni uongo mtupu. Zikiwa uongo, mzazi ameibiwa; zikiwa kweli, ameiba, tena ameiba kutoka kwa mtoto wa jirani ambaye baba yake hakuwa na za kutoa. Lakini hata tukiiacha dhambi kando kwa dakika moja, angalieni mtoto amepewa nini. Maswali magumu yalikuwa yamwonyeshe asichokijua. Haya yanunuliwa ili lisionekane lolote asilolijua. Ni kinyume kabisa cha mazoezi. Atavuka mlango wa chuo, na mwezi wa pili mwalimu atamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuzia.

Neno moja juu ya mabinti, nalo twawaambia akina baba hasa. Swali jepesi laweza kujibiwa huku sufuria ikichemka. Swali gumu lahitaji saa nzima isiyokatwa. Ukikatwa katikati, waanza upya. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume apewa saa hiyo pasipo kuiomba, na dada yake, aliye darasa moja naye, aitwa mara sita: maji, kuni, mtoto, mgeni, moto, maji tena. Kisha matokeo yakija twasema kwamba mabinti hawawezi hesabu ngumu. Hatujawapa nafasi ya kuzijaribu. Baba anayetaka kujua akili ya binti yake na ampe saa moja kila jioni kwa mwezi mmoja, na ndoo ichukuliwe na mwingine, hata kama huyo mwingine ni kaka yake.

Kwa walimu hatuna mengi. Wajua kazi yao, nao wafanya kazi hiyo katika hali ambayo wengine wangaliikimbia. Twapenda tu waruhusu wanafunzi watunge maswali wenyewe. Kila Jumamosi watano au sita wakutane, kila mmoja na swali moja alilolitunga kutoka dukani, shambani, kivukoni au katika daftari la chama cha akiba. Sharti liwe moja: aliyelitunga awe ameweza kulijibu yeye mwenyewe, na kuonyesha njia yote hatua kwa hatua. Sharti hilo laondoa maswali ya majivuno upesi kabisa. Anayejaribu kutunga swali la riba atagundua kabla ya kufika katikati kama aijua riba au hapana, na mara nyingi atarudi kwa mwalimu kabla ya Jumamosi.

Lakini juma la mwisho kabla ya mtihani, maswali magumu yawekwe kando. Wakati huo hayatafundisha lolote, yatatia hofu tu. Warudie yale ya kawaida, polepole, wakiandika namba zinazosomeka. Walale mapema. Na wale watakaosafiri kwenda kufanyia mtihani mji mwingine waondoke siku mbili kabla, maana mvua ikinyesha barabara ya Kasongo hakuna anayejua pikipiki itafika saa ngapi.